Alibi: Pengine Ipi?

Wajukuu zangu mnaoanza kazi ya ukarani na ukalimani mahakamani, kuna jambo hamtaandikiwa kwenye barua ya ajira. Mkalimani anakula mchana peke yake. Hakai na ndugu wa mshtakiwa, hakai na ndugu wa marehemu, wala hapokei hata kipande cha muwa. Miaka yote niliyofanya kazi Musoma nilikuwaga nakula kwenye ngazi za nyuma ya jengo, nimeupa mgongo ukumbi, naangalia ziwa. Wenzangu walisema nina maringo. Sikuwa na maringo. Niliogopa kuambiwa neno ambalo baadaye lingeningoja ndani.

Niliingia pale kama mpiga taipu. Baba alikuwa Mzanaki wa Butiama, mama Mjita wa huko rasini, na utoto wangu niliumalizia Tarime alikokuwa baba kikazi, kwa hiyo Kikurya nilikiokota barabarani na wenzangu tukicheza. Siku moja mkalimani alikuwa anaumwa, shahidi yupo, hakimu amekasirika, karani mkuu akaninyanyua kwenye mashine yangu akasema, "Wewe si unaongea zote?" Nikasimama. Sikuketi tena kwenye mashine ile.

Aliyenifundisha ni mkalimani huyo huyo alipopona, Mzee Magesa, mtu mfupi, mpole, aliyevaa koti hata jua likiwaka. Fundisho lake la kwanza lilikuwa hili: "Shahidi akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Akisema 'niliua', wewe sema 'niliua'. Ukianza mambo ya 'anasema kwamba yeye aliua', Mheshimiwa atapotea hapo hapo. Yeye nani, na aliyeua nani?" La pili lilikuwa kwamba shahidi akitukana, unatukana.

Nilidhani anatania. Lakini wiki hiyo hiyo mzee mmoja wa Kikurya, mshtakiwa wa wizi wa ng'ombe, alimtazama hakimu akasema kitu kwa Kikurya, na mimi, binti wa kwaya, nikameza mate nikageuza: "Mimi siwezi kuhukumiwa na mvulana ambaye hajatahiriwa."

Hakimu alikuwa na mvi. Akaweka kalamu chini. "Mkalimani, hayo maneno ni yako au ni yake?"

"Ni yake, Mheshimiwa."

"Mwambie nimemsikia. Mwambie pia kwamba amekosea."

Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akageukia ukuta. Basi nikajifunza kwamba kazi hii inaweza kukuaibisha na usife.

Sasa niwaambie kuhusu neno moja. Kuna mengi ya Kilatini ambayo wanasheria wanayatupa humo ndani kama watu wanaotupa punje kwa kuku, na mengi hayamuumizi mtu. Hili la alibi ndilo lililonikosesha usingizi. Nililikuta kwanza kwenye karatasi za kupiga taipu nikadhani ni jina la mtu. Sikuwa peke yangu. Katika kesi moja ya kuchoma nyumba, wakili alilitaja asubuhi nzima, alibi ya mshtakiwa hivi, alibi ya mshtakiwa vile, na ilipofika zamu ya wazee wa baraza kuuliza maswali, mzee mmoja akainuka kwa adabu, akasema, "Mheshimiwa, tangu asubuhi tunamsikia huyu Ali. Kama yeye ndiye aliyekuwa na mshtakiwa siku ile, mbona haletwi?"

Mzee Magesa aliona aibu kwa niaba yetu sote. Jumapili akamwendea padri aliyesoma Kilatini seminari, na Jumatatu akaniletea jibu. "Nimeuliza. Maana yake ni 'pengine'. Mahali pengine. Basi, hakuna zaidi."

Lakini zaidi ilikuwepo. Kwa mawakili, alibi ni utetezi: sikuwepo, nilikuwa kwingine, na huyu hapa shahidi. Kwa polisi ni kisingizio. Askari akikwambia "huyu ana alibi" anakuwa tayari anatabasamu. Na kule rumande ilikuwa bidhaa. Mahabusu wa zamani waliwauliza wageni, "Umeshapata alibi? Tafuta ya msibani. Msibani watu ni wengi, hakuna anayekumbuka nani alikuwepo." Kwao ilikuwa ni uongo uliopikwa ukaiva. Kwa hiyo neno lile lile likitoka mdomoni mwa wakili linaingia kwenye sikio la mshtakiwa likiwa limebadilika, naye anadhani wakili wake mwenyewe anamwomba atunge. Ndiyo maana nilikuwa silitamki. Nilikuwa nageuza: ulikuwa pengine wapi?

Hivyo ndivyo nilivyogeuza siku wakili wa Masatu alipouliza.

Masatu alikuwa mkulima wa pamba wa Bunda, upande wa Nyasura, mwanamume wa makamo, mikono mikubwa, maneno machache. Alishtakiwa kwa mauaji. Mfanyabiashara wa ng'ombe alichomwa kisu jioni mnadani pale Bunda, watu wakiwa wanatawanyika, na ilijulikana kwamba yeye na Masatu waligombania fahali siku za nyuma mpaka wakatishiana. Mashahidi wawili walisema wamemwona Masatu. Mmoja alimtambua kwa shati, mwingine kwa mwendo. Kosa lile adhabu yake mnaijua: kunyongwa mpaka kufa.

Mahakama Kuu wakati huo ilikuja kwetu kwa vikao tu. Jaji alitoka Mwanza, na wakili wa kumtetea Masatu, aliyewekwa na serikali, naye alitoka Mwanza. Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, mtu mzuri, lakini alikuwa na asubuhi moja tu ya kuongea na mteja wake. Masatu Kiswahili alikisikia, kukisema kulimpa tabu. Tukakaa watatu kwenye kichumba cha mahabusu.

Wakili akasema, "Muulize kama ana alibi."

Nikageuza kwa Kijita: siku ile, mbali na mnadani, ulikuwa pengine wapi?

Masatu akatazama miguu yake. "Mwambie nilikuwa pengine."

"Wapi?"

"Mwambie huko pengine ni pabaya kuliko mnadani."

Wakili alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka. "Mwambie mnadani kuna kamba ya kunyongea."

Nikamwambia. Masatu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei. "Mwambie najua. Lakini kamba hiyo ni ya shingo yangu peke yangu."

Hatukupata zaidi ya hapo.

Inabidi mjue ilikuwa miaka gani, maana ninyi mmezaliwa maduka yamejaa. Ilikuwa ile miaka ambayo duka la kijiji lilikuwa na mizani, lilikuwa na muuzaji, na bidhaa hakuna. Tulifua kwa majani ya mpapai. Wanawake walijifungua na sabuni haipo nyumba nzima. Kenya iko hapo hapo, kwa barabara na kwa maji, na kule kila kitu kipo, kwa hiyo watu walivuka. Serikali ilipochoka ikaanza msako, na mtu akikutwa na katoni ya sabuni isiyo na maelezo alikuwa mhujumu uchumi. Mtu aliyeiba kuku alipata dhamana. Wa sabuni hakupata. Tuliogopa hata kunukia vizuri kanisani.

Siku ya pili ya kesi, mchana, niko kwenye ngazi zangu na ugali wangu na samaki furu wa kukaanga, akaja mwanamke wa rika langu, kitenge kimepauka, kapu la dagaa mkononi. Akasimama mbali kidogo.

"Dada, wewe ndiye unayewasemeaga watu humo ndani?"

"Ndiyo. Lakini kama ni mambo ya kesi usiniambie kitu. Nikishakusikia hapa sitaweza kusimama pale."

"Sikuambii. Nauliza moja tu." Aliongea Kijita cha kwetu kabisa, cha mama yangu. "Mtu akisema ukweli humo, huo ukweli unaweza kumfunga yeye aliyeusema?"

Tonge lilibaki mkononi. Jibu nilikuwa nalo, na sikuwa na ruhusa ya kulitoa. Nikamwambia, "Nenda kwa wakili. Yule mrefu mwenye miwani. Mwulize yeye."

"Yule hasikii Kijita."

"Kiswahili chako kinatosha."

"Kinatosha sokoni," akasema. "Kwa jambo hili sijui." Akaondoka na kapu lake.

Jina lake Nyabise. Alikuwa mjane, akiishi Kigera, upande wetu wa Musoma, akiuza dagaa sokoni Iringo. Hayo niliyajua kesho yake alipoitwa kama shahidi wa utetezi. Baadaye sana wakili aliniambia kwamba mama yule alimpa sentensi moja tu: Masatu siku ile alikuwa kwangu, hakuwa Bunda. Alipomwuliza alifuata nini, alinyamaza, na wakili, akiwa hana kitu kingine chochote mkononi, akaamua kwenda na sentensi hiyo.

Ukumbi ulijaa. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikaa Nyamumwi, mke wa Masatu, amemfunga mtoto mgongoni. Jaji alikuwa mtu wa sauti ya chini aliyeandika kila neno kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza, sisi tukisema Kiswahili. Kasi yetu ilikuwa kasi ya kalamu yake. Ukitaka kujua kama umeeleweka, unaiangalia kalamu.

Wakili akauliza, "Shahidi, siku ya mnada ule, mshtakiwa alikuwa mnadani?"

Nyabise akajibu. Kijita kina neno lake la mahali kwingine, fupi, na mimi nikatoa fupi: "Alikuwa pengine."

Kalamu ikaanza kwenda, kisha ikasimama. Jaji akainua macho.

"Mkalimani. Pengine ipi hiyo? Ya mahali, au ya labda?"

Swali lilikuwa la haki. Maana Kiswahili chetu kimeyaweka yote mawili kwenye chungu kimoja. Alikuwa mahali kwingine. Au labda alikuwepo, hata mimi sina hakika. La kwanza lingemtoa Masatu kizimbani na la pili lingemrudisha. Mtu mwingine angeandika lolote akaendelea. Jaji yule hakuandika, na kumjibia shahidi haikuwa kazi yangu.

"Nimwulize tena, Mheshimiwa?"

"Mwulize. Aseme mahali penyewe."

Nikamgeukia Nyabise. Nikamwambia kwamba Mheshimiwa anataka kujua huko kwingine ni wapi, apataje kwa jina. Na hapo nikaanza kuelewa swali lake la kwenye ngazi. Sikujua ni kitu gani, ila nilijua kwamba mama huyu amesimama ukingoni na mimi ndiye ninayemsogeza.

"Kwangu," akasema. "Kigera. Tangu alfajiri mpaka giza."

Kalamu ikaandika. Wakili akaketi haraka, kama mtu aliyeweka yai chini salama. Akainuka wakili wa serikali.

Huyo hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu mnapenda kusimulia kesi kama mieleka, mbaya na mwema. Alikuwa anafanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa kujua mgeni wa siku nzima anafuata nini kwa mjane.

"Shahidi, mshtakiwa ni ndugu yako?"

"Si ndugu."

"Shemeji?"

"Hapana."

"Si ndugu, si shemeji, na ameshinda kwako siku nzima mlango umefungwa. Mama, huyu ni hawara yako?"

Ukumbi ukacheka. Neno hilo kwa Kijita lina ndugu zake kadhaa, wengine wana pilipili. Nikachagua lenye uzito ule ule wa hawara, si zaidi, si pungufu. Nilipolitamka nilimwona Nyamumwi kule dirishani ameacha kumbembeleza mtoto.

Hebu tazameni mama huyu alikuwa amesimama wapi. Mlango wa kutokea alifunguliwa na wakili wa serikali mwenyewe. Akisema ndiyo, ni hawara yangu, watu watacheka, ushahidi utakaa, Masatu atapata nafasi, naye atarudi Kigera na aibu. Aibu haina rumande. Ila atakuwa amesema uongo chini ya kiapo, na atakuwa amemvunjia nyumba mwanamke aliyeketi pale na mtoto mgongoni.

Alimtazama Masatu. Masatu akatikisa kichwa, kidogo sana. Alimkataza. Sikujua anamkataza lipi.

Kisha akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu. Mzee Magesa alinifundisha kwamba kimya hakitafsiriwi, unakiacha kipite. Nikakiacha.

"Si hawara," akasema mwishowe. "Alileta mzigo."

"Mzigo gani?"

Jaji akainua mkono kabla sijageuza. "Mkalimani, mwambie shahidi hivi, na usipunguze. Si lazima ajibu swali ambalo jibu lake linaweza kumletea mashtaka yeye mwenyewe."

Nikamwambia, polepole, kila neno. Nyabise akasikiliza akiwa ameshika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Akauliza, nami nikageuza: "Nisipojibu, Mheshimiwa ataandika nini?"

"Nitaandika kwamba hakujibu."

"Na Masatu?"

Jaji akageuza ukurasa. "Nitapima ushahidi nilio nao."

Hakukuwa na kicheko tena. Nilisikia kalamu ya karani ikigongagonga meza, akanyamazishwa kwa jicho. Nyabise akanitazama tena. Nami nilikuwa nimesimama pale kama nguzo, naomba Mungu swali lifutwe, lisifutwe, sijui.

"Ni sabuni," akasema, na mimi nikasema kwa sauti yangu, kwa "mimi" yangu, mbele ya polisi waliokuwa mlangoni: "Ni sabuni. Miche ya sabuni ya kutoka ng'ambo. Tuliishusha kwenye mtumbwi alfajiri, mimi na yeye, tukakaa ndani tukiikata vipande vya kuuza mpaka jua likazama. Hakwenda Bunda. Angekwenda saa ngapi, na mikono yetu sote ilikuwa imechubuka kwa kukata?"

"Nani walinunua?"

"Hilo ndilo Mheshimiwa amesema si lazima nijibu."

Kalamu ya Jaji iliandika kwa muda mrefu baada ya sisi wote kunyamaza.

Nyabise alipotoka barazani, ofisa mmoja wa polisi alikuwa anamsubiri. Hakumshika mkono. Alisema kwa upole, "Mama, tutakusumbua kidogo." Nyabise akatazama kapu lake la dagaa kama hajui aliweke wapi. Hapo Nyamumwi akatokea kati ya watu, akalichukua kapu mkononi mwake, akajitwika, akaondoka nalo.

Hukumu ilisomwa kabla Jaji hajarudi Mwanza. Maneno yake sikuyasahau kwa sababu niliyageuza mwenyewe, Masatu akiwa amenikazia macho. Alisema mtu hutunga uongo ili ajitoe. Ni vigumu kuamini kwamba mtu ametunga uongo ili ajiingize. Shati linafanana na mashati, mwendo unafanana na miendo. Masatu hana hatia ya mauaji. Nikageuza neno "huru", naye akalipokea bila kubadilika uso, maana kutoka kizimbani aliwaona polisi wa kesi ya sabuni wamesimama chini ya ngazi. Akawafuata.

Basi mtu aliyekuwa pengine akafungiwa kwa sababu ya huko pengine. Yeye upande wa wanaume, Nyabise upande wa wanawake. Nyamumwi alikuwa anakuja kwa lori la pamba kutoka Bunda, amebeba vyakula viwili vilivyofungwa kwa vitambaa viwili. Nilimwona mara nyingi kwenye lango la gereza. Askari jike alinisimulia kwamba mara ya kwanza walimwuliza, "Huyu wa pili ni nani wako?" Akasema, "Andikeni dada."

Neno alibi, ambalo mawakili walilitaja kila siku ya kesi, likatoka mahakamani likaenda zake. Watu waliosikiliza kesi ile walilibeba mpaka Bunda, na huko likapata kazi mpya: mtu akivuka mpaka kufuata bidhaa, walisema kaenda alibi. "Baba yuko wapi?" "Kaenda alibi." Nilisikia mama mmoja sokoni akimsifu mwenzake kitenge, akajibiwa kwa sauti ya chini, "Ni cha alibi hiki." Nilicheka njia nzima, na nilipofika nyumbani nikakumbuka waliokuwa ndani, kicheko kikakatika.

Mambo yalibadilika kama mvua inavyohama, huioni ikigeuka. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao, bila kuulizwa sana fedha zenyewe zimetoka wapi. Siku moja napita Iringo, naona dirishani mwa duka miche ya sabuni imepangwa kama matofali, bei imeandikwa kwa chaki, na askari polisi amepanga foleni ananunua. Nilisimama pale nikiitazama. Nyabise bado alikuwa ndani kwa ajili ya sabuni hiyo hiyo.

Haikuchukua muda tena. Wakaletwa wote wawili, upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea. Niliyekuwa nageuza ni mimi. Nikamwambia Nyabise, "Kesi imeondolewa. Unaachiwa."

Akafikiri kidogo. "Na sabuni yangu?"

Nikageuza, maana kazi ni kazi. Hakimu akamtazama mwendesha mashtaka, mwendesha mashtaka akamtazama karani wa vielelezo, karani akatazama dari. Mwishowe hakimu akasema, "Mwambie aende nyumbani."

Nyumbani hapakuwepo. Shemeji zake walikuwa wameshaihamia nyumba ya Kigera, wakisema marehemu ndugu yao hakuacha nyumba kwa ajili ya magendo. Masatu na Nyamumwi wakamkatia kiwanja kando ya shamba lao Nyasura, wakamsimamishia chumba na jiko. Alianza tena na dagaa, akaongeza sabuni, sasa kwa leseni.

Nilimtembelea kesi ilipokwisha kabisa, nilipojua kwamba hakuna rufaa wala shauri jingine linalonigusa. Alinipokea vizuri, Nyamumwi akasonga ugali, tukala wanawake watatu, Masatu yuko shambani. Nikamwuliza kitu nilichokaa nacho muda wote ule. Kwa nini ulisema? Wakili wa serikali alikupa njia nyepesi. Jaji alikupa ruhusa ya kunyamaza.

Alishangaa. "Si wewe uliniambia niseme?"

"Mimi?"

"Nilipokutazama. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nikakutazama, nikaona uso wako unaniambia, sema dada, sema tu. Ndipo nikasema."

"Nyabise, mimi sikukuambia kitu. Sikuruhusiwa."

"Mdomo haukuniambia," akasema, akanisogezea mboga. Hakuwa na kinyongo. Nyamumwi aliinamisha kichwa akaendelea kula.

Sijui uso wangu ulisema nini siku ile. Nimejaribu kukumbuka mpaka leo. Nilichojua mimi ni kwamba nilikuwa naogopa. Pengine woga na huruma usoni mwa mtu vinafanana. Lakini mwanamke alikaa gerezani akiamini kwamba nilimtuma, na hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinielemea kuliko kama angelaumu.

Niliporudi kazini niliamua kuukomesha uso wangu. Shahidi wa kwanza wa wiki hiyo alikuwa mzee wa Kizanaki, kesi ya mpaka wa shamba, si kesi ya kutisha. Nikasimama pembeni yake, nikakaza macho ukutani, juu ya kichwa cha hakimu, nikawa nageuza hivyo, anasema nasema, bila kumtazama. Mzee akajibu swali moja, akajibu la pili, la tatu akanyamaza. Hakimu akauliza tena. Mzee bado kimya.

"Mwulize ana tatizo gani," hakimu akasema.

Nikamwuliza, macho yangu yako ukutani.

"Sina tatizo," yule mzee akanijibu kwa Kizanaki. "Ila huyu bwana mkubwa anaandika, ameinama. Na wewe unatazama ukuta. Mama, sasa mimi nitajuaje kama nimesikika?"

Nikamgeuzia hakimu maneno yale yote, kama yalivyo. Kisha nikamtazama mzee, naye akaendelea kusema.